Mashine Peke Yake Haitoshi

Mtoto wa Njisi anayeshindwa kupumua yuko zaidi ya kilomita 100 kutoka hospitali ya rufaa ya Mbeya. Kwa hiyo tunaunga mkono kila juhudi ya kuipatia Kyela vifaa vya kusaidia pumzi, vinavyosukuma hewa yenye oksijeni puani bila kupitisha mpira kooni.

Lakini hatuna budi kujifunza kwa jirani zetu ng'ambo ya Mto Songwe. Mwaka 2014 ilitangazwa kwamba katika hospitali kuu ya Blantyre, asilimia 71 ya watoto wachanga waliowekewa kifaa hicho walinusurika. Kwa oksijeni ya kawaida, asilimia 44. Matokeo ya hospitali ya wilaya ya Salima, mwaka 2019, yalikuwa kinyume. Miongoni mwa watoto wenye nimonia kali na udhaifu mwingine, asilimia 17 ya waliowekewa kifaa walifariki, dhidi ya 11 ya wenzao. Huko hapakuwa na daktari wa kusimamia kila siku.

Tunasema wazi: kifaa kije pamoja na daktari, wauguzi waliofunzwa na umeme wa uhakika. Uhai wa watoto wetu haulindwi kwa chombo kisicho na mwangalizi.