Viongozi wa kesho, kesho gani?

Leo twende Japani, na usijali kuhusu nauli, hata mimi sina. Twende Ise, katika jimbo la Mie, kwenye hekalu linaloheshimiwa kuliko yote katika dini ya Shinto. Sikupeleki kusali. Kuna kitu wanachokifanya pale ambacho wazee wetu, na sisi vijana pia, tunafaa kukisikia.

Ukifika unavuka daraja la mbao la Uji, lenye urefu wa mita 100 hivi. Unanawa mikono, unasukutua mdomo, kisha unatembea juu ya changarawe katikati ya miti mikubwa ajabu hadi kwenye ngazi za mawe. Hapo simu inarudi mfukoni, kwa sababu ukishapanda ngazi hakuna kupiga picha. Juu unakuta ua wa mbao na pazia jeupe. Unainama mara mbili, unapiga makofi mara mbili, unainama tena. Imeisha hiyo. Makao ya Amaterasu, mungu wa kike wa jua, yamezungushiwa nyua nne, na utakachobahatika kuona ni paa la nyasi.

Najua unachosema: yaani mtu atoke Nairobi kwenda kuangalia paa? Tulia kwanza.

Paa hilo ni la mwaka 2013. Lililotangulia lilikuwa la 1993, na la kabla yake 1973. Kila baada ya miaka 20, hekalu jipya linalofanana na la zamani hujengwa kwenye kiwanja cha pembeni, kisha usiku mmoja mungu wao anahamishwa na lile la zamani linabomolewa. Walianza mwaka 690. Hesabu mwenyewe hiyo ni karne ngapi.

Na si nyumba tu. Kila mara hutengenezwa upya hazina za kuwekwa ndani: nguo, panga, pinde, vioo na vingine, aina 714, jumla vitu 1,576. Kuna upanga mmoja ambao mpini wake hupambwa kwa manyoya mawili ya toki, ndege wa jamii ya kwarara. Toki wa mwisho mzaliwa wa Japani alikufa 2003, na walioko leo walitokana na ndege waliotoka China. Kwa hivyo ukitaka upanga ule, lazima pia uhakikishe ndege yupo. Zamani hazina zilizotolewa zilichomwa au kuzikwa. Siku hizi baadhi yake unaweza kuziona katika makumbusho ya Jingu Chokokan, palepale Ise.

Sasa swali ni hili: hazina yenyewe ni ipi? Upanga unabadilishwa, nyumba inabomolewa, nguo zinafumwa upya. Kinachobaki ni mikono inayojua kazi. Kijana wa miaka 20 anaingia kama msaidizi. Akifika 40 anakuwa fundi kamili, na akifika 60 anasimamia na kufundisha. Mzee anajua wazi kwamba hekalu lijalo ni la 2033, na matayarisho yalianza 2025. Hana nafasi ya kuficha ujuzi. Akificha, hekalu halitasimama.

Linganisha na hapa kwetu. Tangu shule ya msingi tunaambiwa sisi ni viongozi wa kesho. Kesho gani? Jumatano? Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, nikajaribu kujifunza kazi ya mikono mtaani. Kuna fundi mmoja, bingwa wa kushona viti vya matatu, ambaye hataki kijana aguse cherehani yake. Anaogopa kunyang'anywa wateja. Siku akichoka, ujuzi wake wote utaenda naye nyumbani. Mafundi wa aina hiyo unawajua, na hata maofisini wamejaa.

Lakini tusiwasukumie wazee lawama yote. Sisi nasi tunataka kujua kila kitu kwa video ya dakika tatu. Ni nani kati yetu angekubali kubeba mbao na kunoa randa miaka 20 kabla ya kuitwa fundi?

Utaniambia huo ni ubadhirifu, kukata miti ya hinoki zaidi ya 10,000 kila awamu na kutumia mabilioni ya yen. Ni hoja nzuri. Ila mbao za zamani hazitupwi. Nguzo kubwa za hekalu hugeuzwa malango ya daraja la Uji, na miaka 20 baadaye hupelekwa kwingine kufanya kazi hiyo hiyo. Na mwaka 1923 walianza mpango wa miaka 200 wa kupanda miti katika msitu wao wenyewe. Waliopanda walijua hawataishi kuikata.

Wala si malaika. Enzi za vita vya wenyewe kwa wenyewe, kazi ilisimama kwa zaidi ya miaka 120. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ya 1949 ilicheleweshwa hadi 1953. Muhimu ni kwamba walirudi kazini.

Kama unadhani Ise haituhusu, kila Novemba mbio za vyuo vikuu vya Japani zinamalizikia hapo hekaluni. Mwaka 2007, Mkenya Mekubo Mogusu wa Chuo Kikuu cha Yamanashi Gakuin aliweka rekodi ya awamu ya mwisho. Ni mbio za kupokezana, ila badala ya kijiti wanapeana ukanda wa kitambaa. Mogusu asingeweka rekodi yoyote kama wa mbele yake angekataa kuuvua.

Ndiyo maana nasema utamaduni usiopangiwa tarehe ya kukabidhiwa unazeeka na wenyewe, kisha unazikwa nao. Mzee unayesoma hii, taja mwaka utakaoachilia, na umtaje utakayemwachia. Na wewe kijana mwenzangu, wiki hii mtafute mtu mmoja anayejua kazi unayoitamani, umuulize anaanza kukufundisha lini. Akikuambia kesho, muulize tarehe.