NENO LA MKULIMA: Bei Ikianguka, Nani Huchukua Hasara?

Nilikuwa nimekusudia juma hili kuendelea na habari ya samadi na ya majani makavu ya kufunikia mashina ya kahawa, lakini jambo limenizuia, nami naona si vibaya samadi ingoje juma moja.

Jumapili iliyopita mzee mmoja jirani yangu alinijia akiwa amechukua mkebe wa bati kwapani. Ndani ya mkebe huo amehifadhi stakabadhi zake zote za kahawa, tangu siku alipoandikwa kuwa mwanachama wa ushirika hata leo, nazo zimefungwa kwa uzi mwaka kwa mwaka. Alizitandaza mezani, akaweka kidole juu ya moja, kisha juu ya nyingine, akaniambia, "Mwanangu, wewe umesomea hesabu. Mwaka huu hapa nilipeleka matunda kiwandani nikalipwa, nikasomesha. Na mwaka huu hapa nilipeleka kilo zile zile, za miti ile ile, nikaambiwa kwamba mimi ndimi ninayedaiwa. Nani alikula?"

Nilimwambia, "Mzee, nipe juma moja nitafute maneno." Haya basi ndiyo maneno yenyewe, nami nayaandika hapa kwa kuwa najua mikebe ya namna hiyo iko katika nyumba nyingi.

Kwanza yatupasa kukumbuka kwamba bei ya kahawa kwa muda mrefu haikuachwa ielee kama jani mtoni. Mwaka 1962 nchi zinazolima na nchi zinazonunua zilifanya Mapatano ya Kahawa ya Dunia, na kila nchi inayolima ikapewa kiasi chake cha kuuza, isizidishe. Kahawa ikizidi, viasi vilipunguzwa, ikipungua, viliongezwa. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake, lakini ulimpa mkulima kitu kimoja kikubwa, nacho ni kwamba aliweza kupanda mti unaongojwa miaka mitatu kabla ya kuzaa, akiwa na tumaini kwamba siku ukizaa utakuwa na thamani.

Tarehe 4 Julai 1989 viasi hivyo viliondolewa. Wakubwa walikuwa wameshindwa kupatana. Wanunuzi wa Marekani walitaka kahawa nyingi zaidi ya aina laini, tena walichukizwa kuona nchi zisizo katika mapatano zikiuziwa kahawa kwa bei ya chini kuliko wao. Nayo Brazil haikukubali kupunguziwa fungu lake. Basi kila mtu akafungua ghala lake kwa siku moja. Mwaka 1988 wastani wa bei ya dunia ulikuwa kama senti 116 za Kimarekani kwa ratili. Mwaka 1992 ulikuwa senti 53. Baridi iliyounguza mikahawa ya Brazil mwaka 1994 iliinua bei kwa muda, lakini Vietnam ilikuwa imekwisha panda kwa wingi na Brazil nayo ikapanda upya, na mwaka 2001 wastani ukafika senti 46.

Hapo ndipo wengi husimama na kusema, "Basi, ni dunia, tutafanyaje?" Mimi sikubali kusimama hapo. Tufanye hesabu pamoja, na makarani walio miongoni mwenu wanisahihishe nikikosea.

Tuseme mkulima alipeleka kilo 700 za matunda mabivu, nazo baada ya kumenywa, kuchachushwa, kuoshwa, kuanikwa na kukobolewa zikatoa kilo 100 za kahawa safi, yaani kama ratili 220. Kwa wastani wa mwaka 1988 mzigo huo ulikuwa na thamani ya dola 255. Kwa wastani wa mwaka 2001 ulikuwa na thamani ya dola 101. (Kahawa ya Kenya, kwa uzuri wake, hupata zaidi ya wastani, lakini iliposhuka ilishuka pamoja na nyingine.) Thamani imepotea sehemu tatu katika tano. Ni hasara kubwa, lakini bado si ile aliyoiona mzee wangu.

Sasa tazameni makato. Karani wa kiwanda na mlinzi wa usiku hawapunguziwi mshahara kwa sababu New York bei imeanguka. Dizeli ya mashine ya kumenya ni ile ile, gari la kwenda kinuni ni lile lile, mwenye kinu hukoboa kwa kiasi cha uzito, na riba ya mkopo wa ushirika haijui msimu mzuri wala mbaya. Yapo makato yanayohesabiwa kwa kila mia ya bei, nayo hushuka pamoja na bei, lakini mengi ni ya kudumu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba makato ya kudumu ya mzigo wetu yalikuwa dola 60. Mwaka 1988 mkulima angebakiwa na dola 195. Mwaka 2001 angebakiwa na 41. Bei imepoteza sehemu tatu katika tano, lakini mkulima amepoteza karibu sehemu nne katika tano, na katika fungu hilo lililobaki hajanunua mbolea, wala dawa ya chule, wala hajawalipa wachumaji madebe yao. Makato yakiwa dola 100, atakuwa na dola moja. Yakizidi hapo, huyo ndiye mzee wangu aliyeambiwa anadaiwa.

Kwa hiyo jibu la kwanza la swali lake ni kwamba huenda hakuna aliyekula, bali watu wote waliosimama kati ya mti na mnada walilipwa kwanza, naye akalipwa mwisho. Anayelipwa mwisho ndiye achukuaye hasara ya wote. Bei huamuliwa ng'ambo, hilo ni kweli. Lakini nani alipwe kwanza na nani mwisho, shauri hilo haliamuliwi ng'ambo, huamuliwa hapa kwetu, kwa sheria na kwa kanuni za vyama vyetu wenyewe.

Sisemi hakuna wizi. Upo, na wengine wetu twajua hata milango uliyopitia. Ila mwizi wa mwaka mzuri hatambulikani, kwa kuwa kila mtu amepata. Ni mwaka mbaya unaomvua nguo. Mkutano wa ushirika usiosoma daftari miaka bei ikiwa juu, usishangae kukuta kurasa tupu bei ikiwa chini.

Wako watakaosema kwamba serikali haiwezi kumkinga mkulima na dunia. Nawajibu kwa historia ya nchi hii hii. Dhiki ya miaka ya 1930 ilipoingia, mahindi na kahawa zilianguka bei vibaya sana, nayo serikali ya kikoloni ilifungua Benki ya Ardhi mwaka 1931 ili kuwakopesha masetla wasipoteze mashamba yao. Mwafrika mwenye shamba hakupata mlango katika benki ile, ingawa kodi ya kibanda alitakiwa ailipe mwaka mbaya kama mwaka mzuri. Kwa nini wengine walisaidiwa na wengine wakadaiwa? Masetla walikuwa na vyama vyao, na wajumbe wao waliketi katika Baraza la Kutunga Sheria, wakapiga kelele bila kuchoka. Mwafrika wa kwanza, Bwana Eliud Mathu, aliingia Baraza lile mwaka 1944 tu, dhiki ikiwa imekwisha pita zamani. Kahawa yenyewe Waafrika waliruhusiwa kuijaribu katika miaka hiyo ya 1930, huko Meru, Embu na Kisii, na haikuenea hasa mpaka baada ya mpango wa Bwana Swynnerton wa mwaka 1954. Fahamuni basi kwamba msaada wa wakati wa dhiki haukuwahi kumwendea mhitaji kuliko wote. Ulimwendea aliyekuwa na msemaji.

Na baada ya mwaka 1989 je? Zilikuja fedha za Stabex kutoka Ulaya, chini ya Mapatano ya Lomé ya mwaka 1975, ambazo kusudi lake lilikuwa kufidia nchi iliyopungukiwa kwa kuanguka kwa bei ya mazao yake. Nchi ndiyo iliyofidiwa. Lakini huku chini zilimfikia mkulima kama mkopo kupitia ushirika wake, mkopo wenye riba. Nani aliyetoa shauri kwamba fidia igeuzwe deni? Nimewauliza wazee wengi waliokuwa wanakamati siku hizo. Hakuna akumbukaye kuulizwa.

Wakati huo huo mbolea iliachwa iuzwe kwa bei ya soko. Sheria ya kahawa nayo ilikuwa ikimkataza mkulima kung'oa mkahawa bila ruhusa, hata kama mkahawa huo haumlishi. Kwa hiyo watu hawakung'oa, waliacha tu. Hawakupogoa, hawakupulizia dawa, wakapanda maharagwe katikati ya safu na kufunga ng'ombe kwenye mashina. Baadhi yao waliamka usiku na panga, asubuhi wakasema ni mchwa. Nchi iliyokuwa imetoa karibu tani 130,000 katika msimu wa 1987/88 ilijikuta baadaye, kwa miaka mingi, ikitoa kama tani 40,000 au 50,000. Bei zilipopanda tena, miti haikuwako ya kupanda nazo.

Colombia walifanya vingine. Wakulima wa kule waliunda shirikisho lao mwaka 1927, na mwaka 1940 ukaanzishwa Mfuko wa Kahawa wa Taifa. Kila gunia lililouzwa ng'ambo lilitoa sehemu yake katika mfuko huo, na katika miaka mibaya mfuko ulisaidia kumhakikishia mkulima mnunuzi na bei iliyotangazwa. Sitawadanganya: dhiki ya miaka ya 1990 iliukausha sana mfuko huo, hata serikali yao ikabidi kuingia. Lakini mkulima wa Colombia alipita katika ukame akiwa na mtungi, ijapokuwa ulikuwa umepungua. Sisi tulikuwa na viganja.

Kwetu mageuzi yalikuja, tena kwa haraka. Sheria mpya ya ushirika ya mwaka 1997 iliondoa mkono wa serikali katika vyama, na Sheria ya Kahawa ya mwaka 2001 ikaondoa biashara ya kuuza kahawa katika mamlaka ya Bodi, ikafungua njia kwa mawakala. Kwa maoni yangu uhuru huo haukuwa mbaya. Ubaya ni kwamba ulitolewa bei ikiwa chini kabisa, kwa vyama vilivyojaa madeni, pasipo kuwafundisha wanakamati kusoma hesabu walizokabidhiwa. Vyama vikubwa vikagawanyika vipande vipande, na kila kipande kikataka meneja wake, gari lake na karani wake. Rudini kwenye hesabu yetu ya dola 60, mtaona gawanyiko hilo lililipwa na nani.

Si kwamba hakuna lililotengenezwa tangu hapo. Mwaka 2019 serikali ilitangaza mfuko wa shilingi bilioni 3 wa kumkopesha mkulima akingojea mnada, kwa riba ya 3 kwa mia, na mwaka 2023 ukaanza utaratibu wa kugawa fedha za mnada moja kwa moja, fungu la mkulima lisizunguke mikononi mwa watu. Hayo ni mazuri, nami nayasifu. Lakini tazameni: mkopo humsaidia mkulima kungoja, haumsaidii bei ikianguka. Kulipwa upesi ni jema, bali kulipwa upesi dola moja ni kulipwa dola moja.

Na sasa ndio wakati wa kuyasema haya, kwa sababu Februari 2025 ratili ya kahawa huko New York ilipita dola 4, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Mwaka wa namna hiyo watu hununua mabati na pikipiki, na anayetaja dhiki huonekana mchawi. Nami nakubali kuonekana hivyo. Katika mkutano wa mwaka wa ushirika wako, ndugu msomaji, usiulize tu "Tutalipwa shilingi ngapi kwa kilo?" Simama uulize makato ya kudumu ni kiasi gani kwa kila kilo ya matunda, na bei ikishuka nusu yatakuwa kiasi gani. Uliza kama kamati iko tayari kuweka akiba sehemu ndogo ya malipo ya mwaka huu, kwa jina la kila mwanachama na si kwa jina la kamati. Kisha mkiwa mmekubaliana, jibu hilo lipelekeni kwa maandishi kwa mjumbe wenu wa Bunge, na nakala ibaki kwenu. Najua wengine watazomea neno "akiba", kwa kuwa akiba za vyama zimewahi kuliwa. Wana haki. Ndiyo maana nasema jina la kila mwanachama.

Mzee wangu nimemsomea haya yote kabla ya kuyapeleka kwa Mhariri. Alisikiliza, kisha akazifunga stakabadhi zake kwa uzi, zote isipokuwa ile ya deni. Hiyo ameiweka mfukoni. Mkutano wao ni mwezi ujao, naye asema atauliza swali la makato, hata kama itabidi asimame juu ya kiti.

Habari ya samadi ni juma lijalo. Na yule msomaji aliyeuliza kama yafaa kupanda mahindi kati ya safu za kahawa iliyokomaa, jibu ni hapana, yatanyonya maji na mbolea ya mikahawa yako. Kama umekata miti ili ichipue upya, panda maharagwe, tena usiyasogeze karibu na shina.