NANI KASEMA HESABU HAISEMEKI KWA KISWAHILI?

Kuna wenzetu hapa shuleni wanaodai ati Kiswahili ni cha mashairi na insha, lakini ikifika hesabu ni lazima Kizungu. Mimi napinga! Tena napinga kwa mfano mgumu kidogo, msije mkasema nimechagua kujumlisha.

Hebu tuchukue shilingi 10. Kwa sarafu za 1, 5 na 10, utalipa kwa njia ngapi? Nne tu: moja ya 10, mbili za 5, moja ya 5 na tano za 1, au kumi za 1. Mpangilio hauhesabiwi, maana konda hajali ipi imetangulia. Huko ndiko kuvunja nambari, na si mchezo wa watoto. Nambari 200, ikivunjwa kwa vipande vya kila ukubwa, ina njia 3,972,999,029,388. Hardy na Ramanujan walichapisha kanuni yake mwaka 1918.

Sasa utamu wenyewe. Tangu Desemba 2018 tuna sarafu za zamani zenye sura ya rais na mpya zenye wanyama. Thamani ile ile, aina mbili. Tukizitofautisha, je? Wengi watakimbilia 8, ati nne mara mbili. Wapi! Moja ya 10: njia 2, rais au simba. Mbili za 5: njia 3, si 4, kwa kuwa rais na kifaru ni sawa na kifaru na rais. Kumi za 1: njia 11, kwani twiga huweza kuwa sifuri, mmoja, hadi kumi. Ile ya 5 na tano za 1 ndiyo huangusha watu: chaguo 2 kwa 6, nazo huzidishwa, yaani 12. Jumla 28.

Kuna neno lililokushinda hapo? Kwa maoni yangu, wengi hukosa maswali haya si kwa upungufu wa akili. Hawaelewi neno "aina" lataka watofautishe nini, na wanaona haya kuuliza kwa Kizungu. Kwa hivyo namwomba mlezi wa chama atutengee Ijumaa moja kila mwezi, tuwaalike walimu wa hesabu, tuulizane kwa lugha tunayopigia soga bwenini.

Kwa wabishi: shilingi 20, sarafu ya 20 ikiwemo, nayo ya aina mbili. Bila kutofautisha, njia ni 10. Mkitofautisha ni 172. Atakayepata pungufu arudie zile za 1.