DUKA LA MAGODORO LA NAKURU: NANI ALILIPWA?



Kila yanapotajwa maduka makubwa ya nchi hii, wakubwa wa biashara hupenda kutuhadithia habari ya duka moja la Nakuru. Wasema palikuwa na familia iliyouza magodoro katika mji ule, na kwa akili na bidii duka likakua mpaka likawa Nakumatt, jina lililotokana na Nakuru Mattress. Hadithi hiyo twaijua. Tumechoka nayo, si kwa kuwa ni ya uwongo, bali kwa kuwa imekatwa mkia.

Nakuru haukuwa mji mkubwa. Reli ilifika huko mwaka 1900, maduka yakafuata reli, na haukupewa hati ya kuwa jiji mpaka Desemba 1, 2021. Katika maduka ya zamani mnunuzi alisimama mbele ya kaunta, akataja sukari au unga, na mtu wa duka akampimia. Supamaketi ilipokuja, mnunuzi akachukua mwenyewe kwenye rafu. Wenye mali wakasema kazi imekuwa nyepesi. Nyepesi kwa nani? Rafu hazijijazi zenyewe. Mtu hushusha magunia kutoka lori, hupanga mikebe, hufuta sakafu, hukaa kwenye keshi mpaka miguu ivimbe. Duka letu la magodoro lilipohamia Nairobi na kuanza kuuza kila kitu, baadhi ya matawi yake yalikuwa wazi saa 24. Magazeti yalilisifu sana jambo hilo. Hatukumbuki kusoma habari ya mama aliyetoka zamu saa tisa ya usiku akitafuta matatu ya kurudi kwa watoto.

Basi likakua. Likawa na matawi zaidi ya 60, Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Lilikua kwa fedha za nani? Hapa ndipo twataka kila mwanachama asikize vizuri, maana ndiyo siri ya biashara hii. Supamaketi huuza maziwa leo na kupokea fedha taslimu leo. Mwenye maziwa hulipwa baada ya siku 60, au 90, au atakapokumbukwa. Katika siku hizo zote fedha zake zi mkononi mwa tajiri wa duka, naye aweza kufungua tawi jipya kwazo. Ongeza mikopo ya benki juu yake. Matawi yakizidi kufunguliwa, fedha za leo hulipa deni la jana, na mambo huonekana mazuri sana mpaka siku moja mwenye maziwa akatae kuleta maziwa.

Siku hiyo ilifika mwaka 2017. Rafu zikabaki tupu, wenye majumba wakalitoa duka katika majengo yao, mishahara ikachelewa. Januari 2018 mahakama ikaliweka chini ya msimamizi. Januari 2020 wadai wakapiga kura livunjwe, likiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30. Matawi 6 ya mwisho yalikuwa yamekwisha kununuliwa na Naivas kwa shilingi milioni 422. Duka lililoanza kwa magodoro likawaacha wafanya kazi wake wakilala chini.

Kuna watu, hata miongoni mwetu, wasemao hilo ni shauri la Wahindi. Tafadhali tusidanganyane. Uchumi ilianzishwa mwaka 1975 na mashirika ya Serikali, nayo ilifunga milango Juni 2006 kwa madeni, ikafufuliwa, kisha ikaanguka tena. Tuskys ilikuwa mali ya familia ya Mwafrika, nayo pia ilitoka pande za Nakuru, na jina lake katika vitabu vya Serikali lilikuwa Tusker Mattresses (magodoro tena!). Mwaka 2020 nayo ilishindwa kulipa. Mwenye duka awe Mhindi, Mwafrika au Serikali yenyewe, keshia alirudi nyumbani mikono mitupu vile vile. Mwenye kututia chuki za kabila atuondoa kwenye hesabu, na hesabu ndiyo tunayoitaka.

Tuifanye basi. Sheria ya mwaka 2015 juu ya makampuni yaliyofilisika yasema mfanya kazi atangulizwe kwa mshahara wa miezi 4 ya mwisho, pamoja na malipo ya kuachishwa kazi, lakini jumla isipite shilingi 200,000. Tuseme keshia alikuwa akipata 1,000 kwa siku, yaani 30,000 kwa mwezi, na ametumika miaka 10. Miezi 4 bila mshahara ni 120,000. Malipo ya kuachishwa, siku 15 kwa kila mwaka kama Sheria ya Kazi ya 2007 isemavyo, ni 150,000. Jumla 270,000. Basi 70,000 zake zatupwa nyuma, akazingoje pamoja na wadai wasio na rehani. Tena hata hizo 200,000 si ahadi. Benki yenye rehani juu ya mali fulani huchukua mali ile kwanza, na gharama za msimamizi hulipwa kabla ya mtu wa rafu. Kutangulizwa mbele ya sahani tupu, huko ni kutangulizwa gani?

Matajiri watajibu kwamba mishahara yetu ndiyo iliyoua maduka haya. Na watuonyeshe. Deni la mabilioni halikutoka kwenye mfuko wa mpanga mikebe. Hakuna mpanga mikebe aliyeulizwa kama tawi jipya lifunguliwe Kampala au Kigali. Lakini mshahara ukichelewa huambiwa, "Vumilieni, kampuni ni yetu sote." Kampuni huwa yetu sote wakati wa hasara tu.

Twataka mambo mawili. Kwanza, Bunge liiondoe ile mipaka ya 200,000, na jasho la mtu lilipwe kabla ya rehani ya benki. Pili, tusingoje Bunge. Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya 2007, kifungu cha 57, yamlazimu tajiri kukionyesha chama habari zote zinazohitajiwa kwa mazungumzo. Madeni ya duka ni habari ya namna hiyo. Wajumbe wetu katika kila supamaketi waombe hesabu hizo kwa barua, kabla hatujaketi kuzungumza mshahara, na nakala ya barua iletwe kwa karani wa tawi. Na mahali ambapo mshahara umechelewa hata mwezi mmoja, barua hiyo iandikwe wiki hii.