Fadhila Inayofunga Kinywa: Jumuiya za Mazingira na Matangazo ya Wapinzani Wao

Ndugu msomaji, miongoni mwa mitihani inayoikabili kila jumuiya iliyojitwika kazi ya kukemea ubaya, ni michache iliyo migumu kama ule wa kufadhiliwa na yule yule anayekemewa. Vitisho huwaunganisha watu na kuwazidishia azma. Ama fadhila, yenyewe huwalegeza bila ya wao kuhisi. Tumeona tulizungumze jambo hili kwa kulitazama katika uwanja ambao ushahidi wake uko wazi, nao ni uwanja wa jumuiya za kuhifadhi mazingira na mazoea ya baadhi yake kupokea fedha na matangazo kutoka kwa makampuni yanayochafua ardhi, maji na hewa.

Rai yetu tunaitanguliza ili msomaji asitafute. Jumuiya haifai kukubali tangazo linalolipiwa na kampuni ambayo ina wajibu wa kuipinga, hata kama tangazo hilo linaisifu jumuiya hiyo na kueneza ujumbe wake. Tunasema haya huku tukitambua kwamba wenye rai tofauti wana hoja zenye uzito, nazo tutazitaja kwa uadilifu.

Chozi lililolipiwa

Mwaka 1953 iliundwa nchini Marekani jumuiya ya kuhimiza usafi iitwayo Keep America Beautiful. Waliokuwa nyuma yake ni makampuni ya kutengeneza makopo na chupa, pamoja na ya vinywaji. Zama hizo biashara ilikuwa ikihama kutoka chupa ya kurudishwa kwenda kwenye chombo cha kutumiwa mara moja na kutupwa. Jambo hili halihitaji sherehe ndefu kwa msomaji wetu. Mtoto anayetumwa dukani kununua soda ya chupa ya kioo anajua kwamba ama aende na chupa tupu, ama aache pesa ya chupa. Utaratibu huo humwachia mwenye kiwanda dhima ya chupa yake. Chombo cha kutupwa humvua dhima hiyo na kumtwisha mnywaji na mfagiaji wa barabara.

Mwaka 1971 jumuiya hiyo ilitoa tangazo la televisheni lililopata umaarufu mkubwa. Mtu aliyevaa mavazi ya wenyeji wa asili wa Marekani anapiga kasia katika maji yaliyojaa taka. Anapofika kando ya barabara, takataka zinatupwa kutoka garini na kuangukia miguuni pake, na chozi linamtiririka. Ujumbe ulikuwa kwamba watu ndio wanaoanzisha uchafuzi na watu ndio wawezao kuukomesha. Mwigizaji mwenyewe, Iron Eyes Cody, alikuwa mzaliwa wa wazazi waliotoka Italia.

Mwaka huo huo wa 1971 jimbo la Oregon lilipitisha sheria ya kuwalazimisha wauzaji kutoza amana ya senti chache kwa kila chupa au kopo la kinywaji, irudishwe chombo kinaporudishwa. Ilikuwa sheria ya jimbo ya kwanza ya aina yake nchini humo. Je, waliolipia chozi lile waliifurahia? La hasha! Makampuni hayo yalisimama kidete kuzipinga sheria za namna hiyo. Baadhi ya jumuiya za mazingira, ambazo kwa miaka kadhaa ziliyapamba majina yao katika baraza la washauri wa Keep America Beautiful, zikajikuta zimeketi meza moja na wapinzani wa sheria zilizozitaka. Katika muongo huo zikajitoa.

Tuzingatie hapa jambo moja. Tangazo lile halikusema uongo. Kutupa taka ovyo ni kosa, na hapana anayebisha. Lakini liliitoa kweli moja mbele ili kuifunika nyingine, ambayo ni dhima ya mwenye kiwanda. Tangazo linalolipiwa na mwenye kosa huwa na mpaka usioandikwa popote, na kila anayeshiriki anaujua. Utaruhusiwa kusema yote isipokuwa lile moja ambalo kwa ajili yake jumuiya yako iliundwa.

Mamilioni ya gesi

Mfano wa pili ni wa Sierra Club, jumuiya kongwe iliyoasisiwa mwaka 1892. Mnamo Februari 2012 jarida la Time liliandika kwamba kati ya mwaka 2007 na 2010 jumuiya hiyo ilipokea zaidi ya dola milioni 25 kutoka kwa watu na makampuni ya sekta ya gesi, sehemu kubwa ikitoka kwa Aubrey McClendon, mkuu wa kampuni ya Chesapeake Energy. Fedha hizo zilitumika katika kampeni ya kuzuia mitambo ya umeme wa makaa ya mawe. Mchangaji alikuwa na faida yake, kwani makaa ya mawe ni mshindani wa gesi sokoni.

Ama wanachama wa kawaida, hawakuambiwa. Katika majimbo kama Pennsylvania na New York walikuwa wakilalamikia uchimbaji wa gesi kwa kupasua miamba, wakihofia visima vyao vya maji, na makao makuu yao yalikuwa yakipokea. Mkurugenzi aliyeingia mwaka 2010, Michael Brune, alikata uhusiano huo na kuziachilia dola nyingine milioni 30 zilizokuwa zimeahidiwa. Ni uamuzi unaostahiki kusifiwa. Lakini jeraha la imani halikupona siku ile.

Jumuiya hiyo hiyo, mwaka 2008, ilikubali nembo yake ibandikwe kwenye sabuni na dawa za usafi za Clorox zilizoitwa Green Works, kwa malipo yatokanayo na mauzo. Clorox inajulikana kwa dawa ya kung'arisha nguo, ile ambayo huku kwetu huitwa jiki. Wanachama wengi walilalamika, na walikuwa na haki.

Hoja za wanaoruhusu

Wanaoruhusu husema kwanza kwamba mkono mtupu haulambwi. Kazi inahitaji fedha, na maskini anayedhulumiwa na kiwanda hana cha kuchanga. Pili, fedha hizo zisipokwenda katika kheri zitakwenda katika shari. Tatu, matokeo yapo: kampeni ile ya makaa ya mawe ilisaidia kuzuia na kufunga mitambo mingi.

Hatuyakanushi matokeo hayo. Tunachosema ni kwamba hesabu hiyo imeandika mapato na kuacha matumizi. Kampuni inapolipia tangazo lenye jina la jumuiya hainunui karatasi wala wino. Inanunua uaminifu, na uaminifu huo si mali ya viongozi wauuze. Ni amana iliyojengwa na maelfu ya watu waliojitolea. Mla cha mwenzake na chake huliwa.

Biashara hii haijakoma. Mwaka 2022 mkutano wa mabadiliko ya tabianchi wa Sharm el-Sheikh, Misri, ulidhaminiwa na Coca-Cola, kampuni ambayo wanaharakati wa Break Free From Plastic, katika hesabu zao za taka zilizookotwa tangu mwaka 2018, waliitaja tena na tena kuwa ya kwanza kwa plastiki iliyotupwa.

Wala isifahamike kwamba tunakataza kila mahusiano. Kuketi na kampuni kujadiliana si kupokea fadhila yake. Fidia iliyoamriwa na mahakama ni haki. Kuisifu kampuni iliyojirekebisha, bila ya malipo, ni uadilifu. Greenpeace haipokei fedha za makampuni wala za serikali, na mwaka 2014 iliendesha kampeni kali hadi Lego ikatangaza kwamba haitauendeleza mkataba wake na kampuni ya mafuta ya Shell. Tunajiuliza: lau ingekuwa inadhaminiwa na mmojawapo, ingethubutu?

Nasaha yetu

Tunawanasihi vijana wetu wanaopanda mikoko na kusafisha fukwe, ambao nao hujiwa na fulana na mabango yenye nembo. Kabla ya kupokea, wajiulize maswali matatu. Je, tuko tayari kuwatangazia wanachama wote jina la mtoaji na kiasi chake? Je, akiacha kutoa kesho, kazi yetu itaendelea? Na je, akimwaga sumu mtoni wiki ijayo, tutamtaja kwa jina siku hiyo hiyo?

Wakisita katika swali la tatu, basi wairudishe fulana hiyo, wavae zao zilizochakaa, waende ufukweni. Mchango mdogo wa wanachama wenyewe huenda usitoshe kulipia tangazo kubwa barabarani, lakini unatosha kuuacha ulimi huru.