Mipira ya njia ya hewa inunuliwe kwa pamoja

Mama anayeuza vitenge kati ya Busia ya Kenya na Busia ya Uganda anakula kwa sauti yake. Akipasuliwa kifua kwa ajili ya uvimbe, au pafu lililoharibiwa na kifua kikuu, si haki arudi sokoni pafu limetibiwa lakini sauti haitoki.

Hilo hutokea. Ili pafu moja litulie lifanyiwe kazi na jingine liendelee kupumua, mtaalamu wa usingizi hupitisha kooni mpira wenye njia mbili, mnene na mgumu kuliko ule wa kawaida. Ukilazimishwa huchubua koo na kuumiza nyuzi za sauti. Mara chache hupasua njia ya hewa, na hapo maisha yako hatarini. Mpira wa Carlens wa Uswidi, wa mwaka 1949, ulikuwa hata na ndoano. Robertshaw wa Uingereza akatoa wake usio na ndoano mwaka 1962.

Kinga inajulikana. Waya wa ndani utolewe ncha ikishapita nyuzi za sauti, mpira ukaguliwe kwa kamera nyembamba, na puto la chini lijazwe hewa kidogo tu, kwa kawaida isiyozidi mililita 3. Mpira ukisogezwa, puto litolewe hewa kwanza. Kuulainisha kwa maji ya uvuguvugu safi hakuhitaji mtaji wowote.

Saizi ndiyo kazi. Watu wazima hutumia 35, 37, 39 au 41, kulingana na kimo, jinsia na picha ya kifua. Stoo yenye saizi moja ni duka la viatu lenye namba 42 peke yake, ila hapa mteja amelala na hawezi kulalamika. Lakini hospitali inayofanya upasuaji huu mara chache itaogopa kujaza saizi zote hadi ziishe muda.

Wafanyabiashara wa mpakani walishapata dawa ya tatizo hilo: asiyejaza kontena huchangia na wenzake. Wizara za afya za nchi 8 za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziagize saizi zote kwa pamoja, hospitali zigawane, na inayopungukiwa iazime ng'ambo ya mpaka bila mzigo kulala forodhani.

Mgonjwa naye aseme mapema kama ana tatizo la koo au sauti. Akitoka hospitali na sauti ikabaki imekwama kwa siku kadhaa, arudi akaangaliwe na daktari wa koo.