Mstari wa 1886 Usiingie Mioyoni

Mpaka uliopo kati yetu na jirani zetu wa Kenya haukuwekwa na mababu zetu. Yafaa kila mtu, awe mvuvi wa Iringo, mchuuzi wa Bunda au mkulima wa Butiama, aijue asili yake; maana asiyejua asili ya ua hudhani ua huo ni amri ya Mungu.

Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters, Mjerumani, alipanda bara kutoka pwani, akapita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami, akiwatilisha sahihi watawala wetu mmoja mmoja katika karatasi za lugha wasiyoijua. Mangungo wa Msovero alikuwa mmoja wao. Tarehe 27 Februari, 1885, siku moja baada ya mkutano wa Berlin kufungwa, Ujerumani ilizikubali karatasi hizo na kutoa hati ya ulinzi. Waingereza nao, wenye tamaa yao wenyewe, hawakushughulika na haki ya karatasi zile. Walitaka kujua fungu lao ni lipi.

Wahenga walisema wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo. Mwaka 1886 tembo hawakupigana. Walipatana, na nyasi zikaumia vile vile. Mstari ulivutwa kutoka mlango wa mto Umba, ukapindishwa Kilimanjaro ili mlima ubaki kwa Wajerumani, kisha ukanyooshwa hadi ziwani, digrii moja kusini ya Ikweta. Mwaka 1890 wakauvusha ziwa lenyewe. Hakuulizwa Mkuria, wala Mjaluo. Ndugu wa ukoo mmoja wakawa, huyu mtu wa Mjerumani, na yule mtu wa Mwingereza.

Wako watakaouliza: basi kwa nini tusiufute mstari huo? Jibu lilitolewa Cairo mwaka 1964, wakuu wa nchi za Afrika walipoazimia kuiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, ndiye aliyelitoa pendekezo hilo. Kila nchi ikidai kipande cha jirani yake, damu itamwagika bila kikomo. Sisi twaona azimio lile lilikuwa la hekima.

Lakini kuuheshimu mpaka ni jambo moja, na kuuabudu ni jambo jingine. Jumuiya ya 1967 ilipovunjika mwaka 1977, mpaka huu ulifungwa hadi 1983. Wakati huo hapakuwapo Peters wala Gavana. Kufuli tulilitia wenyewe. Jumuiya ikafufuliwa kwa mkataba wa 1999, na soko la pamoja likaanza mwaka 2010. Mapatano hayo ni maandishi matupu ikiwa mama auzaye dagaa atatendewa kama mwizi pale Sirari, au kijana wa ng'ambo ataitwa mgeni katika soko la shangazi yake.

Ndugu zetu, wakubwa wa dunia wangali wakigombea madini, bandari na masoko ya Afrika. Mwaka 1884 kila mtawala alitia sahihi peke yake, na kila mmoja akapoteza peke yake. Tukienda mezani mmoja mmoja, tutanunuliwa mmoja mmoja. Mpaka na ubaki katika ramani, kwa ajili ya amani. Mioyoni mwetu hauna kazi.